Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: makondo yetu mmeshayasoma, majibu yake yaje kliniki

Shikamooni waheshimiwa, na wale wa rika langu habari zenu.

Barua hii, kuhusu kifafa cha mimba na tafiti za kondo la nyuma ambazo majibu yake hayafiki kliniki, ni ya wote mnaokaa kwenye viti vya afya nchi hii, kuanzia wizarani mpaka kwa mganga mkuu wa wilaya, mnaopitisha tafiti, mnaogawa hela za tafiti, na wabunge wa kamati ya afya kama kuna msaidizi atawasomea. Mi ni mwalimu wa bailojia, sekondari ya serikali, mkoa wa Tanga. Sio daktari. Nikikosea neno la kitaalamu nirekebisheni, ila msikomalie hilo neno mkaacha hoja, huo mchezo naujua, wanafunzi wangu wanaucheza kila siku.

Nna mdogo wangu ana mimba ya wiki 11 leo. Ningeweza kusubiri likizo niandike kwa kutulia lakini wiki 11 hazisubiri likizo, kwa nini nitawaeleza huko mbele.

Hii ni mimba yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa 2021. Alianza kliniki na miezi mitano, kama wengi wetu (mimba changa hatutangazi, tunaogopa macho ya watu, hilo kosa letu nalikubali), akapewa kadi, vidonge vya damu, akameza SP, ile dawa ya kuzuia malaria, mbele ya nesi, sawa. Hudhurio la pili mashine ya presha haiwaki, betri zimeisha, kwenye kadi pale pa presha pakaachwa wazi. La tatu akamwambia nesi miguu imejaa na kichwa kinamuuma mpaka anaona vimulimuli, akajibiwa ni uzito wa mimba huo, punguza chumvi, usisimame sana. Stripu za kupimia mkojo zimeisha, kapime nje. Hakupima nje, hela ya kupima nje ilikuwa ndo hela ya mboga. Wiki ya 31 saa nane usiku akaanza kukakamaa, ameng'ata ulimi, macho yamegeukia juu, mama mkwe anasoma dua akijua ni mashetani yamempanda, shemeji yuko barabarani anatafuta bodaboda. Hospitali ya kwanza wakatuelekeza ya pili. Ya pili tukamkuta tabibu mmoja kijana hata ndevu hazijamjaa, hakuuliza maswali mengi, akamchoma magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, akampigia daktari simu, wakamtoa mtoto. Njiti, kilo 1 na gramu 200. Akaishi siku 4. Mama yake akapona.

Hizo hospitali sizitaji na msiniulize, maana najua kitakachotokea, atatafutwa nesi mmoja aandikiwe barua, na yule nesi betri hatengenezi yeye.

Sasa linganisheni na mimi. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa 2011 na nikaangukia ndani ya utafiti, upi na wapi nao nauacha. Presha kila nikija, mkojo kila nikija, damu, nauli ya kurudi nyumbani, na kulikuwa na dada mmoja wa mradi nisipotokea ananipigia simu mpaka nakereka. Siku nimejifungua wakaja na kidumu chenye barafu wakachukua kondo la nyuma. Nilishasaini karatasi. Bibi yangu alipojua alininunia wiki nzima, kwake yeye kondo linazikwa nyumbani na wanawake wazima, halipandi gari. Nikamwambia bibi, hospitali wangelitupa kwenye shimo la makondo, bora hawa wanaenda kulisoma. Akafikiria, akasema haya, wakishasoma waje watuambie walichosoma.

Bibi amefariki 2016. Hakuna aliyekuja.

Mdogo wangu na mimi tumezaliwa tumbo moja, tumepishana miaka sita na barabara kama kilomita 40 hivi. Tofauti kubwa ya mimba zetu ni kwamba mimi nilikuwa na namba ya utafiti na yeye alikuwa na kadi tu. Baada ya kumzika yule mtoto nikaanza kusoma, usiku, simu mkononi, bando la wiki linaisha siku tatu. Na nilichokikuta huko ndo kimeniudhi kuliko msiba wenyewe. Majibu yapo, na mengi yametoka kwetu.

Nianze na neno lenyewe maana hapo ndo balaa linaanzia. Wanachokitafuta hawa watafiti, inflamesheni kwa kizungu chao, kinatafsiriwa mara nyingi "uvimbe". Jamani. Uvimbe kwa mama wa Korogwe ni miguu iliyojaa, au ni ile kitu ya kwenye kizazi inayotolewa kwa upasuaji, au jipu. Inflamesheni ni kinga ya mwili kucharuka, askari wametoka kambini, wamemwaga kemikali, mishipa imefunguka, joto, maumivu, wakati mwingine hata huoni kitu kwa macho. Mi darasani nasema mcharuko na fomu tuu wanaelewa palepale. Mnaona nabishania neno? Kuna jirani yetu alimpa mdogo wangu diklofenaki mwaka ule kwa sababu imeandikwa ni dawa ya kuzuia uvimbe na yeye miguu imevimba, akili yake haikukosea hata kidogo, neno ndo lilimpoteza. Dawa za jamii hiyo, diklofenaki na ibuprofeni, mwaka 2020 Marekani walitoa onyo zisitumike kuanzia wiki ya 20 ya mimba bila daktari maana zinaweza kuumiza figo za mtoto tumboni na kupunguza maji ya uzazi. Hapa kwetu zinauzwa dukani pamoja na vocha.

Tuendelee. Mimba yenyewe ni mcharuko, hili wengi hawalijui. Kiinitete kikija kujishika kwenye ukuta wa mji wa mimba, kinga ya mama inacharuka kidogo pale, kama kidonda kinachojiunga, bila hivyo hakishiki. Halafu katikati, ile miezi ya kung'aa uso na kutamani udongo, mwili unatulia, kinga inamvumilia mtoto ambaye nusu yake ni ya baba, mgeni kabisa. Mwishoni inacharuka tena, mlango wa kizazi unalainika, uchungu unakuja. Kwa hiyo kuwepo kwa mcharuko sio shida, shida ni kuja siku isiyo yake au kupitiliza. Vijidudu vikipanda kutoka chini vikafika kwenye mfuko wa maji wiki ya 28, mwili hauangalii kalenda, unacharuka na uchungu unaanza, mnapata njiti.

Na kifafa cha mimba (nikikitaja nahesabu na hatua yake ya kabla ya degedege, presha juu na protini kwenye mkojo) nacho kimo humu humu. Mwanzoni kabisa, kabla hata mama hajamwambia mumewe, kondo linatakiwa lichimbe kwenye mishipa ya damu ya mji wa mimba liipanue, iwe kama bomba kubwa la maji sio mpira wa kumwagilia bustani. Kwa baadhi ya akina mama uchimbaji unaenda vibaya. Kondo linakosa damu ya kutosha, linaanza kumwaga mabaki na protini kwenye damu ya mama, na zile kuta za ndani za mishipa yake mwili mzima zinacharuka, figo zinavujisha protini, ini, ubongo, presha juu. Mwaka 1999 Redman na wenzake wa Oxford waliliweka vizuri sana, kwamba huu ni mcharuko wa kawaida wa mimba uliovuka mpaka. Mwaka 2003 watu wa Boston wakaikamata protini moja inayomwagwa na kondo, wanaiita sFlt-1, inazinyang'anya mishipa chakula chake. Siku hizi kuna kipimo cha damu kinachopima protini hiyo na mwenzake kutabiri nani atazidiwa, Marekani kiliruhusiwa 2023. Sisi tuko kwenye betri.

Mnaona hoja yangu inakoelekea. Ugonjwa mdogo wangu ulimwangusha wiki ya 31 lakini ulishapandwa wiki ya 10, ya 12, ya 14. Presha ya 140 kwa 90 ni moshi tu, moto uliwashwa zamani. Na dawa ya kuzuia ambayo ushahidi wake ni mzito kuliko zote inatakiwa ianze wakati huo.

Aspirini. Ndio, aspirini, ile ndogo. Kidonge cha zamani kuliko bibi zetu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishasema mama mwenye hatari kubwa, kwa mfano aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye kisukari, presha ya siku zote, ugonjwa wa figo, mimba ya mapacha, apewe miligramu 75 kila siku kuanzia kabla ya wiki ya 20. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa Ulaya, akina mama 1,776 waliochaguliwa kwa vipimo kwamba wako hatarini, nusu wakapewa miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopata kifafa cha mimba cha mapema, kile kinachozaa njiti, walikuwa asilimia 1.6 kwa waliomeza aspirini na asilimia 4.3 kwa wale wengine. Mtasema hiyo Ulaya, sisi hali zetu tofauti. Haya. Mwaka 2020 ukatoka mwingine, akina mama karibu 12,000 wa mimba ya kwanza kwenye nchi sita na mbili kati yake ni Kenya na Kongo ya Kinshasa, majirani zetu wa mlango kwa mlango, miligramu 81 kuanzia wiki ya 6 hadi ya 13. Kuzaa kabla ya wiki 37 kukashuka kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6. Inaonekana ndogo? Chukua akina mama 1,000, hapo ni njiti 15 hawakuzaliwa njiti, kwa kidonge ambacho nimekinunua kwa bei ya soda.

Nimekinunua, ndio, lakini sikilizeni safari yake. Mdogo wangu alipojua ana mimba wiki ya 7 akaenda kliniki yake ya karibu kusema historia yake, akaambiwa arudi mimba ikifika miezi minne, haionekani bado. Miezi minne! Yani arudi dirisha likiwa linafungwa. Tukaenda duka la dawa la kwanza kuuliza aspirini ndogo, muuzaji akaniangalia kama naenda kumuua mtu, aspirini kwa mjamzito dada? Na nampongeza kwa kukataa, ndo kazi yake, aspirini ya kumeza holela sio ya kila mjamzito na mtu asisome barua hii akaenda kujinunulia. Ilibidi tupande basi mpaka kwa daktari wa akina mama, tukalipia, akamsikiliza dakika kumi, akamwandikia ya 75 aanze wiki ya 12. Nauli, kumwona daktari, siku ya kazi. Mwenye dada mwalimu anayesoma usiku amepata. Asiye naye je?

Nikirudi kwenye makondo. Kule Kisumu, 1996, watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba vimelea vya malaria vinavyojazana kwenye kondo vinajishikiza kwenye mnyororo mmoja wa sukari ulioko pale, unaitwa kondroitini salfeti A. Ndo ikaeleweka kwa nini mwanamke amekua na malaria tangu utoto, mwili umeshaizoea, halafu akishika mimba ya kwanza malaria inamgeuka upya, ni kwa sababu vimelea vimepata nyumba mpya na vimevaa koti ambalo kinga yake haijawahi kuliona. Mimba ya pili na ya tatu anakuwa ameshalijua. Na kondo likijaa vimelea, askari wanamiminika humo, mcharuko, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Nikifundisha hili wasichana wa fomu foo wanakaa kimya darasa zima, maana baadhi yao wanajua maana ya mimba ya kwanza kuliko ninavyojua mimi.

Halafu Muheza. Muheza hapa hapa Tanga, ambako tunapita kununua machungwa. Kuanzia 2002 hadi 2005 akina mama wa Muheza walifuatiliwa pamoja na watoto wao, na Profesa Theonest Mutabingwa alikuwa mmoja wa wanasayansi wa kazi ile, pamoja na hao kina Duffy na Fried. Kati ya vitu walivyochapisha 2006 ni kwamba mama wa mimba ya kwanza mwenye malaria kwenye kondo, ile protini ya Boston, sFlt-1, inapanda, na kwa wasichana wadogo wa mimba ya kwanza malaria ya kondo ilienda sambamba na presha. Mmeelewa? Malaria na presha ya mimba, vitu viwili tunavyovipima kwenye vyumba viwili tofauti, vinakutana ndani ya kondo la binti wa Muheza. Huu ni ugunduzi wa kujivunia jamani, ungetakiwa uwe kwenye kitabu changu cha kufundishia. Nimeukuta kwa kizungu saa saba usiku.

Na kuna hili jingine ambalo mpaka leo linanifurahisha kama kitendawili. SP, hii tunayomezeshwa kliniki, inajulikana kabisa vimelea vya ukanda wetu vimeizoea. Kwa hiyo wakasema tujaribu dawa mseto mpya zaidi, wanaiita DP, wakachukua akina mama 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, matokeo yakatoka 2023. DP ikaishinda SP vizuri tu kwenye kuzuia malaria. Lakini watoto wa SP ndo walikuwa na uzito mzuri zaidi, na matatizo ya uzazi kwa ujumla yakawa machache zaidi upande wa SP. Dawa inayoshindwa malaria inamsaidia mtoto kukua! Inawezekana inapunguza vijidudu vingine, inawezekana inatuliza mcharuko, bado wanatafuta. Swali kama hilo lilipaswa litafutwe jibu lake Dar, Mwanza, Moshi, na wanafunzi wetu wa udaktari wakipigania kulijibu, kwa hela yetu, sio tungoje mfadhili aamue kama swali linamvutia.

Kalsiamu ndo imenimaliza kabisa. Ushauri wa siku nyingi wa dunia ni kwamba sehemu ambako watu hawapati kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, mjamzito ale gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kupunguza kifafa cha mimba. Hiyo ni vidonge vikubwa vitatu au zaidi kila siku, vizito, vina bei, na huvimezi pamoja na vya damu. Naelewa serikali ikisita. Basi wakauliza, je kimoja kitatosha? Wakachukua wanawake 11,000 India na 11,000 hapa Tanzania, Dar es Salaam, wote mimba ya kwanza, wengine miligramu 1,500 wengine 500. Mwaka 2024 mwanzoni majibu yakatoka. Kwa Tanzania waliopata kifafa cha mimba walikuwa asilimia 3.0 kwa kidonge kimoja na asilimia 2.7 kwa vitatu, tofauti isiyo na uzito, na India kidonge kimoja kilikuwa na idadi ndogo zaidi. Kidonge kimoja kinafanya kazi ya vitatu. Hili jibu limelipiwa na matumbo 11,000 ya dada zetu. Nimeuliza walimu wenzangu waliojifungua baada ya hapo, nimeuliza wazazi wa wanafunzi siku ya kikao, nimeuliza muuza mihogo wetu aliyejifungua Agosti, wote wanavijua vidonge vya damu, hakuna hata mmoja aliyeniambia amepewa kalsiamu kliniki. Sio utafiti huo, ni mwalimu anayeuliza watu, lakini kama yupo aliyepewa mnioneshe nimpongeze.

Nisije kuonekana nadhani kila kinachogunduliwa kinatibu. Watu waliona akina mama wenye fizi mbovu wanazaa njiti zaidi, mcharuko wa mdomoni unaingia kwenye damu, ikaleta maana kabisa, wakatibu fizi za wajawazito Marekani kwa utafiti uliochapishwa 2006, na njiti hawakupungua. Fizi zikapona, basi. Ndo sayansi ilivyo na ndo maana nataka ifanyike, sio tuishi kwa kudhani. Lakini kile ambacho kimeshapimwa kikaonekana kinafanya kazi hatuna sababu ya kukikalia. Magnesiamu iliyomwokoa mdogo wangu ilipimwa kwa akina mama zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, majibu 2002, inapunguza degedege lenyewe kwa zaidi ya nusu, na leo yule tabibu kijana wa wilayani anaijua kama anavyojua jina lake. Kwa hiyo inawezekana. Kuna mtu aliamua, akanunua, akafundisha, ikafika. Na azithromaisini nayo, dawa ya kuua bakteria, dozi moja ya gramu 2 mama akiwa leba, zaidi ya wanawake 29,000 wa nchi saba, Kenya na Kongo zikiwemo, 2023, mama kupata sepsisi (maambukizi yanayozidi nguvu mwili mzima) au kufariki kukashuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Hiyo nayo itachukua miaka mingapi kuvuka Namanga?

Nawapa haki yenu pia. Takwimu za 2015 hadi 2016 zilisema vifo vya akina mama ni 556 kwa vizazi hai 100,000, za 2022 zikasema 104. Hata ukitilia shaka namba, mtu aliyekaa wodi ya wazazi enzi zile na sasa anaona tofauti, ambulansi zipo, vyumba vya upasuaji vipo kwenye vituo vya afya, hilo mmefanya na tunaliona. Ila mmejenga sana upande wa kuokoa. Mdogo wangu aliokolewa. Sitaki aokolewe tena, nataka asifike huko.

Kwa hiyo ninachoomba sio hospitali mpya. Mama akija na mimba ya wiki 6 apokelewe, asirudishwe mpaka tumbo lionekane, aulizwe maswali matano yanayojulikana, uliwahi kupata presha, mtoto njiti, kisukari, figo, mapacha, na kama jibu ni ndiyo aspirini itoke hapo hapo kliniki kwenye kopo la serikali, na nesi afundishwe asiiogope na asiigawe ovyo. Kalsiamu ya miligramu 500 ikae kwenye rafu moja na vidonge vya damu, maana tumeshathibitisha wenyewe. Stripu na betri zihesabiwe kama dawa, zikiisha iwe ni habari ya kupigiwa simu, sio "kapime nje". Hivi kuna mtu amewahi kukaa akahesabu betri za mashine ya presha za mwaka mzima za kliniki moja ni shilingi ngapi na njiti mmoja kwenye joto wiki sita ni shilingi ngapi? Mi nimehesabu. Naona aibu hata kuandika.

Kwenye tafiti naomba mawili tu. La kwanza, kibali cha utafiti kisifungwe faili mpaka watafiti wamerudi kule walikochukua sampuli, wakaita akina mama chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa kata, wakawaeleza kwa Kiswahili walichokikuta, na mama akiuliza maswali ajibiwe. Na hiyo fomu ya kusaini ipitiwe na mtu anayeongea Kiswahili cha sokoni, "uvimbe" kitoke. La pili, wekeni fungu letu wenyewe, hata kama ni dogo, la kusoma kondo. Wataalamu wa patholojia wa kulisoma kwa darubini wafundishwe, friji ziwepo, ile protini ipimwe hapa hapa kwa bei ya hapa, kwa mabinti wa mimba ya kwanza wa Pwani na Kanda ya Ziwa ambako malaria na presha vinagongana. Hakuna nchi itakayokuja kuwa na haraka na kondo letu kuliko sisi.

Na tafadhali, yale mazuri niliyoyaona 2011, nauli, simu ya kukumbushwa, presha kila hudhurio, yasiitwe huduma za utafiti. Hayo yalikuwa kliniki. Ilikuwa kliniki ya kawaida inayofanya kazi, mimi nikadhani ni anasa.

Nafunga hapa maana kengele ya kipindi cha tatu inalia na nimeandika hii kwenye chumba cha walimu, wenzangu wananiangalia. Mdogo wangu anasema nisiandike sana, nitamharibia kliniki. Alhamisi anatimiza wiki 12, usiku anameza cha kwanza, na asubuhi yake anarudi kule kule walikomwambia miezi minne, na karatasi ya daktari mkononi. Kwenye mkoba kaweka kadi, daftari, na betri nne mpya bado ziko kwenye karatasi yake.